Undugu wa Kimuziki na Suala la Utunzi: Uhakiki wa Ushirikiano wa David Bowie na Mick Ronson, 1970–1973

Ikisiri

Makala haya yanahakiki ushirikiano wa mtunzi na mwimbaji David Bowie na mpiga gitaa la roki Mick Ronson, wote wawili Waingereza, kati ya mwaka 1970 na 1973. Swali linaloongoza uhakiki huu ni hili: mtu anayeupa wimbo umbo lake la sauti, bila kutunga maneno wala mahadhi ya mwimbaji, aitwe nani? Kwa kuchambua nyimbo teule, makala yanaonesha kwamba mchango wa Ronson ulivuka mipaka ya upigaji ala na kuingia katika uwanja wa utunzi, ingawa jina lake halikuandikwa kama mtunzi. Aidha, yanaonesha kwamba kuukiri mchango huo hakupunguzi ubunifu wa Bowie. Kunaueleza vizuri zaidi.

1.0 Utangulizi

Katika miaka minne tu, kuanzia 1970 hadi 1973, David Bowie alitoa albamu tano akiwa na mpiga gitaa mmoja: The Man Who Sold the World, Hunky Dory, The Rise and Fall of Ziggy Stardust and the Spiders from Mars, Aladdin Sane na Pin Ups. Mpiga gitaa huyo, Mick Ronson, alizaliwa mwaka 1946 katika mji wa Hull, mashariki mwa Uingereza. Utotoni alijifunza piano na fidla kabla ya kuhamia kwenye gitaa. Alipoitwa London mapema mwaka 1970, alikuwa mtunza bustani na viwanja aliyeajiriwa na halmashauri ya mji wake. Mwezi Februari mwaka huohuo alisikika kwa mara ya kwanza akimsindikiza Bowie katika kipindi cha redio ya BBC, siku chache tu baada ya wawili hao kukutana.

Bowie naye hakuwa mgeni katika muziki. Mwaka 1969 alikuwa amepata umaarufu kwa wimbo "Space Oddity", lakini kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya hapo hakupata wimbo mwingine wa kuulingana. Alikuwa na maneno, alikuwa na mahadhi, na alikuwa na fikra nyingi kuliko alivyoweza kuzipangia sauti. Ronson alikuwa na sikio, mkono na elimu ya kuandika noti, ila hakuwa na nyimbo zake mwenyewe. Undugu unaohakikiwa hapa haukutokana na kufanana kwao, bali na kila mmoja kuwa na kile alichokosa mwenzake.

2.0 Kiunzi cha Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na mawazo ya mwanasosholojia Howard Becker katika kitabu chake Art Worlds cha mwaka 1982. Becker anaeleza kwamba kazi ya sanaa ni zao la watu wengi wanaoshirikiana, na kwamba mpaka kati ya anayeitwa msanii na anayeitwa msaidizi huwekwa na mazoea ya jamii husika. Hautokani na asili ya kazi yenyewe. Hivyo basi, swali la nani ni mtunzi haliwezi kujibiwa kwa kusoma jina lililochapwa kwenye jalada peke yake. Ni lazima kazi yenyewe isikilizwe.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu ili kulielewa jambo hili. Katika taarabu ya Zanzibar ni kawaida mshairi aliyeandika maneno, mtu aliyeyatia muziki na mwimbaji aliyeyaghani wawe watu watatu tofauti, na kila mmoja akajulikana kwa sehemu yake. Muziki wa roki wa Uingereza wa miaka ya 1970 ulifuata desturi nyingine: mtunzi alikuwa mwenye maneno, mahadhi na mfuatano wa kordi, na mengine yote yaliitwa mpango. Desturi hiyo ilikuwa na uzito wa kifedha, kwa kuwa mrabaha wa utunzi ulimfuata mtunzi, ilhali mpangaji aghalabu alilipwa ujira wa kazi.

3.0 Uchambuzi

3.1 Gitaa kama msimulizi wa pili

Ushahidi wa mwanzo umo katika "The Width of a Circle", wimbo unaofungua The Man Who Sold the World na unaodumu kwa zaidi ya dakika nane. Maneno yake yanasimulia safari ya mtu anayekutana na nafsi yake na baadaye na nguvu za giza. Sehemu kubwa ya wimbo, hata hivyo, haina maneno. Gitaa la Ronson ndilo linalobeba safari baada ya sauti ya Bowie kunyamaza: linabadili mwendo, linapandisha hamaki, kisha linairudisha hadithi kwa mwimbaji.

Albamu hii ndiyo iliyozua mzozo wa kwanza wa utunzi. Tony Visconti, aliyeitayarisha na kupiga gitaa la besi ndani yake, amesimulia kwamba yeye na Ronson walijenga sehemu kubwa ya muziki huo wakati Bowie hakuwa makini na kazi ya studio. Miaka mingi baadaye, Bowie alipinga maelezo hayo na kusisitiza kwamba mfuatano wa kordi ulikuwa wake. Kwa mtazamo wa makala haya, kauli hizo mbili hazipingani. Mfuatano wa kordi unaweza kuwa wa mtu mmoja na dakika nane zinazosikika zikawa za watu watatu.

3.2 Kipaji cha kujizuia

Kama mchango wa Ronson ungekuwa wa gitaa pekee, hoja ya makala haya ingekuwa dhaifu. "Life on Mars?", katika Hunky Dory ya mwaka 1971, inaonesha vinginevyo. Hapa piano ya Rick Wakeman ndiyo inayoongoza, na gitaa linasikika kwa muda mfupi tu baada ya kiitikio, kama mtu anayeingia chumbani, anasema neno moja na kutoka. Kazi kubwa ya Ronson katika wimbo huu ni mpango wa ala za nyuzi.

Bowie aliutunga wimbo akiwa na kumbukumbu ya "Comme d'habitude", wimbo wa Kifaransa alioujaribia maneno ya Kiingereza mwaka 1968 bila mafanikio, kabla Paul Anka hajaugeuza kuwa "My Way". Kutokana na asili hiyo, beti zake zinaanzia kwenye besi inayoshuka hatua kwa hatua. Mpango wa Ronson unafanya kinyume. Kadiri besi inavyoshuka, nyuzi zinakusanyika juu yake, na kiitikio kinapofika, sauti ya mwimbaji inaruka ikiwa tayari imewekewa mahali pa kutua. Baada ya Bowie kumaliza kuimba, nyuzi na ngoma kubwa zinaendelea na kuufunga wimbo kwa namna ambayo maneno hayakuweza. Neno la mwisho halisemwi na mwimbaji.

Mpiga gitaa anayekubali gitaa lake likae kimya ili wimbo upumue hafanyi kazi ya kuonesha umahiri wake. Anafikiri juu ya umbo zima la wimbo, na kufikiri huko ndiko kunakotenganisha utunzi na upigaji.

3.3 Mchoro na sauti

Ushahidi wenye uzito zaidi umetolewa na Bowie mwenyewe. Katika kitabu Moonage Daydream cha mwaka 2002, alichokiandaa pamoja na mpiga picha Mick Rock, anaeleza jinsi alivyomwelekeza Ronson kuhusu solo za gitaa. Hakumwandikia noti; alimchorea. Kuhusu wimbo wenye jina hilohilo la "Moonage Daydream", anaeleza kwamba alichora mstari mnyoofu uliopanuka kama mdomo wa tarumbeta na kuishia katika michirizi iliyotawanyika. Ronson aliutazama mchoro na kuupiga.

Simulizi hii imerudiwa mara nyingi kama kisa cha kufurahisha. Katika uhakiki, inapaswa kusomwa kwa makini zaidi. Mchoro una mwelekeo, una upana na una mwisho, lakini hauna noti, hauna mizani na hauna ufunguo wa muziki. Kila sauti inayosikika mwishoni mwa wimbo huo ilichaguliwa na Ronson: noti zinazovutwa hadi zinakaribia kulia, kanyagio la wah alilozoea kuliacha nusu njia bila kulichezesha, ili gitaa lipate sauti ya puani inayofanana na ya mtu, na mwangwi unaoendelea mpaka wimbo unapofifia. Kwa upande mwingine, bila mchoro, Ronson asingekuwa na sababu ya kufika huko. Mmoja aliona umbo, mwingine akalisikia.

Upo ushahidi wa kulinganisha. Toleo la awali la wimbo huu lilitolewa mwaka 1971 kwa jina la kundi la Arnold Corns. Wimbo ni uleule, lakini mpango wake ni mwepesi, na hitimisho refu la gitaa halimo. Anayesikiliza matoleo yote mawili anaweza kupima mwenyewe ni kiasi gani cha kile kinachoitwa "Moonage Daydream" kimo katika maneno na kordi, na ni kiasi gani kimo nje yake. Jalada la albamu ya 1972 linawataja Bowie na Ronson kuwa wapangaji, na Bowie peke yake kuwa mtunzi wa wimbo.

3.4 Mkono uleule katika nyumba nyingine

Mwaka 1972 Bowie na Ronson walitayarisha pamoja albamu ya Mmarekani Lou Reed, Transformer. Katika "Perfect Day", Ronson anapiga piano na mpango wa nyuzi ni wake. Maneno ya Reed ni makavu na ya kila siku. Mpango ndio unaoyapa ukuu na ndio unaotia shaka kama siku inayosimuliwa ilikuwa njema kweli. Namna ya nyuzi kusubiri beti zipite na kukua kwenye kiitikio inatambulika kwa yeyote aliyesikiliza "Life on Mars?". Mtunzi amebadilika, mkono wa mpangaji umebaki uleule. Huu ni mtindo, na mtindo ni alama ya mtunzi.

4.0 Mjadala

Hoja inayoweza kutolewa dhidi ya makala haya ni kwamba historia ya baadaye ilimthibitisha Bowie kuwa mtunzi pekee. Tarehe 3 Julai 1973, katika ukumbi wa Hammersmith Odeon jijini London, Bowie alitangaza mbele ya watazamaji kwamba onesho hilo lilikuwa la mwisho. Baada ya Pin Ups, wawili hao waliachana kikazi. Katika Diamond Dogs ya mwaka 1974, Bowie alipiga sehemu kubwa ya magitaa mwenyewe, kisha akaendelea na miongo ya kazi zenye sifa. Albamu ya kwanza ya Ronson peke yake, Slaughter on 10th Avenue ya mwaka 1974, haikumfanya nyota, na ilikuwa na wimbo aliotungiwa na Bowie.

Hoja hii ina ukweli, lakini haifiki mwisho wake. Baada ya Ronson, Bowie hakuacha kutafuta mpiga gitaa wa kujibizana naye: Carlos Alomar, Robert Fripp, Adrian Belew, Stevie Ray Vaughan. La muhimu zaidi ni kilichotokea mwaka 1975. Wimbo "Fame", uliokuwa wa kwanza wa Bowie kushika nafasi ya juu kabisa nchini Marekani, ulijengwa juu ya mdundo wa gitaa wa Alomar, na jina la Alomar liliandikwa kama mtunzi pamoja na la Bowie na la John Lennon. Miaka miwili tu inatenganisha kuachana na Ronson na kukiriwa kwa Alomar. Aina ya kazi haikuwa tofauti sana. Kilichobadilika ni jina lililopewa kazi hiyo.

Sheria ya Uingereza nayo imelazimika kulitazama suala hili, ingawa kwa wanamuziki wengine. Mwaka 2009 Baraza la Malodi lilithibitisha kwamba Matthew Fisher, mpiga kinanda wa kundi la Procol Harum, alistahili hisa ya asilimia 40 ya hakimiliki ya muziki wa "A Whiter Shade of Pale" wa mwaka 1967, kwa sababu ya kipande cha kinanda alichokibuni. Wakati huo Ronson alikuwa amefariki kwa miaka 16.

5.0 Hitimisho

Tarehe 20 Aprili 1992, katika uwanja wa Wembley, Bowie na Ronson walisimama tena pamoja jukwaani na kupiga "Heroes" katika tamasha la kumkumbuka Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar. Ronson tayari alikuwa mgonjwa wa saratani ya ini. Alipiga pia katika albamu ya Bowie ya Aprili 1993, Black Tie White Noise, na akafariki tarehe 29 ya mwezi huohuo, akiwa na umri wa miaka 46.

Makala haya hayadai kwamba Ronson alitunga nyimbo za Bowie. Maneno, mahadhi na wazo la kila wimbo vilikuwa vya Bowie, na ushahidi wa kazi zake za baadaye unatosha. Yanachodai ni kwamba uhakiki unaoishia kwenye maneno na mahadhi unahakiki nusu ya kazi. Ni vema wahakiki watofautishe ngazi tatu: utungo, mpango na upigaji, kisha waulize, kwa kila wimbo, ni ngazi ipi inayobeba maana. Katika "Life on Mars?" na "Moonage Daydream", ngazi ya pili inabeba sehemu isiyoweza kuondolewa bila wimbo kuwa wimbo mwingine.

Neno la Kiswahili "kutunga" lina maana ya kubuni wimbo, na pia maana ya kupitisha shanga kwenye uzi. Bowie alikuwa na shanga. Mkufu ambao dunia imeusikiliza kwa zaidi ya miaka 50 uliunganishwa na mikono miwili zaidi, na haki ni mikono hiyo itajwe.