Bodi Ndiyo Gari

Mwalimu mmoja mstaafu wa Nkubu aliipeleka Peugeot 504 yake Embu, steshenwagoni ya viti safu tatu, akiisifu kwamba injini haijawahi kufunguliwa. Fundi alizunguka gari mara moja, akachuchumaa karibu na gurudumu la mbele. "Mwalimu, injini nitaipata. Bodi nitaitoa wapi?"

Hapo ndipo wanunuzi wengi wa Pijo huteleza. 504 haina chesisi ya kando: bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kuagiza nyingine kutoka nje ni shida, kwa kuwa Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8. Zilizobaki ni za humu humu, nyingi zikiwa zimeunganishwa Mombasa, za ukoo mmoja na zile zilizoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978.

Fundi alipitisha sumaku iliyofungwa kwa kitambaa. Ikashika mlangoni vizuri, lakini chini ya mlango ikaanguka. Fila tupu. Chumvi ya pwani hula gari zima bila kuchagua. Udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya huchagua pa kujificha. Hurushwa na gurudumu, hujishindilia nyuma ya madigadi, kisha hukaa na unyevu tangu mvua za Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba. Bati huoza kutoka ndani huku rangi ya nje ikimetameta. Bahati nzuri madigadi ya mbele ya 504 hufungwa kwa bolti. Yalipotolewa, udongo uliochotwa ulijaza karai, na mizizi ya nyasi ikiwemo.

Kazi yenyewe iliamuliwa kabla ya kukata chochote. Gareji ya kwanza, kabla ya fundi huyu, ilikuwa imekata kizingiti cha chini ya milango gari likiwa limeinuliwa kwa jeki moja. Bodi ikalala, na mlango wa nyuma ukagoma kufunga. Safari hii gari liliwekwa sawa juu ya stendi nne, likainuliwa kidogo kidogo katikati mpaka mianya ya milango ikalingana. Ndipo mabomba ya mraba yakachomelewa kukingama nafasi za milango. Upande mmoja ukakatwa, ukajengwa, ukamalizika. Kisha wa pili.

Bati lake halifiki hata milimita moja. Ukilipitishia gesi mstari mrefu, hujikunja kama chapati iliyoachwa juu ya moto. Fundi alilishona kwa nukta: moja huku, nyingine mbali, akisubiri lipoe. Siku nne kwa kizingiti kimoja, na mwalimu akinung'unika kila jioni. Mimi ningemlipa fundi kwa siku hizo nne kabla ya kumlipa kwa rangi.

Rangi ilisubiri Januari, kwani manyunyu ya Julai huku hutia ukungu kwenye rangi mbichi. Tulibishana jambo moja tu. Fundi alitaka kumimina oili chafu ndani ya vizingiti kuzuia kutu. Nilipendelea nta, na matundu ya kutolea maji yaachwe wazi, maana mengi yalikuwa yamezibwa kwa fila. Akazibua matundu. Oili akamimina vilevile.

Mabomba yalipokatwa, mwalimu aliusukuma mlango wa nyuma kwa kidole kimoja. Ukajifunga.