Protini Iliyoibeba Tofersen

Aprili 2023 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha dawa ambayo jaribio lake kuu lilikuwa limeshindwa. Tofersen inalenga aina adimu ya ALS, maradhi yanayoua neva zinazoendesha misuli, ile itokanayo na hitilafu katika jeni ya SOD1. Wagonjwa 108 walifuatiliwa kwa wiki 28, na tofauti ya uwezo wao wa kutembea, kumeza na kupumua kati ya waliopata dawa na waliopata plasibo haikufikia kiwango cha kuaminika kitakwimu. Kilichoibeba dawa ni protini moja iliyopimwa katika damu.

Protini hiyo, nyurofilamenti nyepesi, ni sehemu ya kiunzi cha ndani cha neva. Neva ikivunjika, protini hiyo humwagika, na chembe zake huvuja hadi kwenye damu: pikogramu kadhaa tu kwa mililita. Vipimo vya zamani havikuziona humo. Mbinu ya Simoa iliziona kwa kuhesabu. Vishanga vya sumaku vyenye kingamwili huchanganywa na sampuli, vikiwa vingi kuliko protini yenyewe, hivi kwamba kila kimoja hunasa molekuli moja au hakinasi kitu. Kingamwili ya pili huja na kimeng'enya. Kila kishanga huwekwa katika kishimo chake; penye protini hung'aa, na mashine huhesabu vishimo vilivyowaka.

Watafiti hawakutegemea protini moja. SOD1 yenyewe ilishuka kwa takriban asilimia 35 katika maji ya uti wa mgongo, dalili kwamba dawa imefika. Je, neva zimepona kuvunjika? Hapo nyurofilamenti ilijibu: ilishuka kwa asilimia 55 kwa waliopata dawa, ikapanda kwa 12 kwa wa plasibo.

Washauri wa FDA walikubali wote 9 kwamba kushuka huko kunaweza kuashiria nafuu. Walipoulizwa kama ufanisi wa dawa umethibitika, 3 walisema ndiyo, 5 hapana, mmoja hakuegemea upande. Naona walikuwa sahihi mara zote mbili. Protini hii hupanda pia kwa umri, kwa kuumia kichwa, hata figo zikidhoofika. Kwa kutambua ugonjwa ingekuwa shahidi mbovu. Hapa jeni ilikwisha kuutaja ugonjwa, na kundi la plasibo lilikuwepo la kulinganishia.

Idhini ilitolewa kwa sharti la ushahidi zaidi. Jaribio la ATLAS linafuatilia wenye hitilafu hiyo ambao bado wazima: nyurofilamenti ikivuka kiwango kilichowekwa, mtu hupangiwa dawa au plasibo kabla msuli wowote haujalegea.