Waya wa Kulinda Pengo

Soko la mifugo la Ogwedhi, karibu na mpaka wa kaunti za Migori na Narok, huwakutanisha Wajaluo na Wamaasai, jamii mbili zenye historia ndefu ya mapengo. Zamani kijana wa Kijaluo aling'olewa meno sita ya mbele ya taya la chini ili ahesabiwe mtu mzima. Desturi hiyo ni nak, na aliyeifanya ni janak, bingwa wa kipande cha chuma na mkono usiotetemeka. Mmaasai aling'olewa mawili tu, yale ya katikati, chini vilevile. Sababu iliyotajwa mara kwa mara ni pepopunda: taya likikaza, uji na dawa vitapitia hapo. Shule na makanisa yalipoenea, nak ilififia, na leo alama hiyo iko vinywani mwa wazee.

Upo ufundi mwingine wa pengo, usiong'oa jino wala kulisukuma. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna kinachotokea.

Mtoto wa miaka mitano ameozewa na gego la kwanza la utotoni, likang'olewa. Wazazi hawashtuki, si ni jino la utoto tu, lingetoka lenyewe? Lingetoka, ndiyo, lakini karibu na miaka kumi, wakati mrithi wake anachungulia. Kabla ya hapo, kwenye umri wa miaka sita hivi, gego kubwa la kudumu huchomoza nyuma kabisa na kuyasukuma mbele yaliyotangulia. Meno hayana subira. Jirani akiondoka, waliobaki huinamia kiwanja chake, na mwenye haki akifika hukuta pameshajengwa. Hapo ndipo jino huota ndani upande wa ulimi, au nje upande wa shavu, au hubaki limefungiwa mfupani.

Kishika nafasi huzuia yote hayo kwa pete ya chuma na kitanzi cha waya, basi. Pete huvishwa gego la nyuma ya pengo. Mdomo huchukuliwa alama, jasi humiminwa, na fundi wa maabara hubaki na taya la mtoto mezani. Hukata waya wa chuma kisichoshika kutu, unene wake karibu milimita 0.9, na kuukunja kwa koleo hadi uguse chonge la mbele ya pengo. Akikosea na kuukunja tena na tena palepale, waya huchoka na kukatika. Akiulehemu kwenye pete kwa moto uliozidi, hulegea na kupoteza ukakamavu. Ukilalia ufizi, unautia kidonda. Ukipanda juu mno, chakula kinaukunja. Na kitanzi sharti kiwe kipana, kwa sababu jino jipya litapanda katikati yake. Hilo la mwisho ndilo la kupendeza kuliko yote: fundi anapima mlango wa mgeni ambaye bado yuko mfupani.

Brasi, zile nyaya za kunyoosha meno, husifiwa kwa kuwa kila mtu huona meno yalivyonyooka. Kishika nafasi hakina picha ya kabla na baada. Kikifaulu, mtoto anaonekana tu kama mtoto mwenye meno. Labda ndiyo maana mabingwa wake hawajulikani nje ya fani. Mmarekani Hays Nance, aliyechapisha kazi yake mwaka 1947, alipima akaona kwamba chonge na magego mawili ya utotoni ya taya la chini huchukua nafasi inayozidi ile ya warithi wao kwa takriban milimita 1.7 kila upande. Milimita hizo chache zikilindwa, meno ya mbele yaliyobanana hupata pa kujipanga, pengine bila ya jino lolote kung'olewa.

Upande wa Umaasaini pengo lina kisa kingine, kichungu zaidi. Mtoto mchanga akiharisha au kupata homa, wapo wanaolaumu uvimbe wa ufizi penye chonge na kuukwangua. Utafiti uliochapishwa mwaka 1995 kuhusu Wamaasai wa Kenya ulikuta asilimia 87 ya watoto 95, wa miezi sita hadi miaka miwili, wameondolewa angalau chipukizi moja la jino. Chipukizi la jino la kudumu liko jirani, nalo mara nyingi huumia. Waya hauwezi kuyarudisha yaliyoharibiwa hivyo.

Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha madaktari wa meno tangu 1974, na Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC) huwafundisha mafundi wa maabara. Pete, jasi, waya, koleo, lehemu ya fedha na mwale mdogo wa gesi vyote hutosha kwenye meza moja. Kigumu ni muda. Mzazi humleta mtoto akilia, jino hutolewa, malipo hufanywa, wote wanapanda boda kurudi nyumbani, na nafasi iliyoachwa haijatajwa na yeyote.