Mstari Usio na Kitenzi

Nilikuwa likizo nyumbani Kigwa, mkoani Tabora, simu ilipoita kutoka Dar es Salaam: hifadhidata ya ofisi moja niliyokuwa naihudumia imekuwa nzito tangu asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo seva ilizimwa yote kwa matengenezo ya umeme, na ilipowashwa, patisheni ya hifadhidata, yaani sehemu ya seva iliyotengewa kazi hiyo, ikarudi na memori ya gigabaiti 16. Wiki tatu nyuma nilikuwa nimeipandisha hadi 24 huku inafanya kazi, bila mtu kunyanyuka kwenye kiti. Nilisahau tu kuiandika namba hiyo kwenye profaili, orodha ya mgao ambayo patisheni huwashwa nayo.

Tangu siku ile profaili naisoma kama matini. Ukiitoa kwenye konsoli ya mashine za Power za IBM, inakuja mstari mmoja mrefu: jina, alama ya usawa, thamani, mkato, jina, alama ya usawa, thamani, mkato. Hakuna kitenzi. Kwa memori zipo namba tatu, ya chini, inayotakiwa na ya juu, na kwa prosesa hivyo hivyo. Msomaji wa haraka huziona ngazi tatu za kitu kimoja. Sivyo. Ya chini ni sharti: ikikosekana, patisheni haiwaki. Ya kati ni ombi: kikiwepo utapewa, kisipokuwepo utapewa kilichopo, mradi kisishuke chini ya sharti. Ya juu haikupi kitu. Inasema tu unaweza kuongezewa hadi wapi bila kuzima. Tena ina kodi yake, maana haipavaiza, programu inayogawa mashine kwa patisheni, hujitengea memori ya majedwali yake kwa kufuata namba ya juu, hata kama hutaifikia kamwe. Sharti, ombi na mpaka, vyote vimevaa kanzu moja.

Hiyo ya kati ndiyo yenye utata. "Inayotakiwa" ni kauli ya kutendwa, na mstari hausemi nani anataka. Kiingereza chake, "desired", kina harufu ya matamanio. Kiswahili chetu kinateleza: kinachotakiwa ni kile mtu anachokitaka, na pia ni kile kinachopasa. Vijana ninaowafundisha kazi huisoma kwa maana ya pili, wakaijaza kwa hofu, na memori ya mashine ikaisha kabla patisheni ya mwisho haijapata haki yake.

Halafu kuna uzito, namba kati ya 0 na 255, ambayo usipoigusa hubaki 128. Patisheni isiyofungwa kikomo huitumia kugombea nguvu ya prosesa iliyobaki bila kazi: yenye uzito mkubwa hupewa zaidi. Kwetu Kigwa neno hilo lina historia tofauti. Wasafiri wa Kizungu walipita hapa na misafara ya kutoka Pwani, Burton 1857 akielekea kituo cha Kazeh, Stanley 1871, na mpagazi wa njia ile alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, za vitambaa, shanga au waya. Huo ni uzito unaokulemea. Wa kwenye profaili unakusogeza mbele ya foleni. Sijapata neno bora zaidi, lakini kila ninapolitamka najua babu zangu wangenicheka.

Msafara wenyewe unanisaidia kulisoma kosa langu. Mizigo ilihesabiwa na kuandikwa Pwani, Bagamoyo. Njiani mmoja akaugua, mwingine akatoroka usiku, mizigo ikafunguliwa na kugawanywa upya, na hesabu ya kufika haikuwa ile ya kuondokea. Profaili ni orodha ya Bagamoyo. Patisheni inayofanya kazi ni msafara ulivyofika Kigwa. Ukiiwasha upya kutoka ndani, inabaki na mgao wake wa sasa. Ukiizima kabisa kisha ukaiwasha kwa profaili, konsoli inarudi kwenye orodha na kuiamini neno kwa neno.

Ninachoilaumu profaili kama matini ni kwamba mstari wake haukuachii pa kuweka sababu. Namba 16 haisemi iliwekwa kwa kipimo, kwa ubahili au kwa kukisia. Sauti ya mtu unaisikia sehemu moja tu, kwenye jina la profaili, ambalo msimamizi hujitungia. Siku ile ya simu nilikuta tatu zimepangana: ya kwanza inaitwa "kawaida", ya pili "kawaida_mpya", na ya tatu, iliyokuwa na zile 16, "USIGUSE".