Sifa za Gitaa Rahisi

Mtu akaaye Marungu ya Taita Taveta, katika nchi ile kavu ya vumbi jekundu ambamo barabara kuu ya Mombasa na Nairobi hupita Maungu na njia ya Kasigau ikajitenga nayo, akitaka gitaa kavu lenye umeme ndani yake ili apige bluzi mbele ya hadhara, aghalabu husikia kwa wajuzi wa mjini kwamba avute subira hata apate fedha za kununua lile ambalo uso wake ni ubao mmoja mzima, kwa kuwa ndilo lenye sauti pana na ndilo lizidilo utamu kwa umri. Ushauri huo ni wa haki mahali pake. Walakini kwa mtu wa Marungu siuafiki, na hoja zangu ni mbili: hewa na kelele.

Hewa ya huko, katika miezi mikavu baina ya masika na vuli, hunyonya maji ya mbao bila huruma, na ubao mmoja ukikauka hunywea, na ukinywea ilhali umegandishwa pande zote, ni rahisi kupasuka. Gitaa la bei nafuu halina ubao huo. Uso wake ni tabaka nyembamba zilizogandishwa moja juu ya nyingine, nyuzinyuzi za mti za hii zikikingama na za ile, hata kila tabaka ikawa mlinzi wa mwenziwe. Ama kelele, jambo lenyewe ni hili: uso mwepesi unaotikisika kwa mguso mdogo wa kidole hutikisika pia kwa sauti itokayo katika spika, mtikisiko huo ukanaswa, ukarudi spikani umekua, ukatoka tena na kuupiga uso ule ule, mpaka ukumbi mzima ukajaa mvumo wa kuudhi ambao mpigaji hakuupiga. Uso mgumu wa tabaka hauitikii upesi hivyo. Basi kasoro inayolaumiwa sebuleni huwa hifadhi jukwaani.

Wala unyonge wa chombo si jambo geni katika sanaa hii. Huddie Ledbetter, aliyetajika kwa jina la Lead Belly, alivuma kwa gitaa la Stella la nyuzi 12, na Stella zama zile lilikuwa jina la magitaa ya watu wasio na mali. Kwetu tunaye Fadhili William, aliyezaliwa Taita Taveta mwaka 1938, ambaye sauti yake iliupeleka mbali wimbo wa “Malaika” (ugomvi wa nani aliyeutunga haujesha, nami siuingii). Na kabla sauti hiyo haijasikika, Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akipiga “Masanga”, alikuwa amekwisha dhihirisha yawezayo kutendwa na vidole viwili tu, gumba likishika besi na kile cha shahada kikiimba juu yake. Kijana aliyelelewa na mapigo hayo, akigeukia bluzi, hakuti ugeni mkubwa: gumba hubaki kazini mwake, na kinachozidi ni uzi kuvutwa pembeni kwa mkono wa kushoto mpaka sauti ipande kidogo na kusita, isijulikane kama inacheka au inalia.

Uvutaji huo wa uzi ndio unaoufanya uchaguzi wenyewe kuwa ufundi. Mnunuzi na alishike gitaa kama mtu alengaye shabaha, jicho lifuate shingo toka kichwani hata mwilini, aone kama imepinda. Kisha auguse uzi kwa wepesi juu ya kichuma cha 12 cha shingo apate mlio wa kengele, na papo hapo aukandamize apate mlio wa pili, na milio hiyo ikihitilafiana alirudishe ukutani, hata likiwa na rangi ya kupendeza namna gani. Auvute uzi wa pili na wa tatu, asikilize kama unakwaruza au kuzimika katikati ya safari. Halafu, jambo wasilolipenda wauzaji wengi, aombe lichomekwe katika amplifaya na sauti ipandishwe.

Kwani gitaa hili likichomekwa huwa na sauti nyingine. Chini ya mfupa unaobeba nyuzi kuna kipande chembamba ambacho kikibanwa na mtikisiko huzaa umeme, tabia iliyodhihirishwa mwaka 1880 na ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, na miongoni mwa mawe waliyoyajaribu ilikuwamo tomalini, johari ambayo wachimbaji wa Taita Taveta huifukua hata leo. Kipande cha siku hizi ni cha kiwandani, hakina johari. Lakini nasaba hiyo hunifurahisha. Umeme wake ni dhaifu, na mlio wake una ukali usioipendeza bluzi, hivyo hauna budi kupunguzwa kwa kitufe cha trebo na kutiwa nguvu na betri ya volti 9 iliyofichwa ubavuni, ambayo ikiisha sauti hukwaruza kwanza, kisha hunyamaza, hata mpigaji akiwa hodari wa namna gani. Kwa hiyo katika fedha zilizookolewa kwa kuukataa ubao mzima, mtu na anunue betri ya akiba na nyuzi nyembamba, na zikibaki, mfuko mnene wa kulikinga na vumbi la Maungu, maana vumbi hilo hupenya vitufe vya sauti na kuvifanya vikwaruze kila vinapozungushwa.