"Na" Tatu za Wimbo Mmoja: Maoni juu ya "Wanawake na Maendeleo" wa Vicky Kamata

Nyimbo za kuwahimiza wanawake zimekuwa nyingi katika Kiswahili, na wahakiki wetu wamezipita kimya. Sababu yake yaeleweka. Wimbo wa hamasa hutungwa upigwe redioni na mikutanoni, watu wainuke wacheze. Haukutungwa usomwe chumbani na kupimwa mizani na vina kama shairi la Muyaka. Lakini maneno yapitayo vinywani mwa watu wengi ndiyo yanayojenga maana katika lugha, na mwenye kuichunguza lugha hana haki ya kuziba masikio kwa kuwa ngoma imelia. Katika makala haya nataka kuutazama wimbo mmoja wa namna hiyo, na kuuliza swali moja tu: je, wimbo huu unampa mwanamke nini?

Vicky Kamata alijulikana kote nchini Tanzania kwa wimbo wake "Wanawake na Maendeleo" katika miaka ya mwanzo ya karne hii. Mwaka 2010 aliingia Bungeni kwa Viti Maalum, na Geita, uliotangazwa rasmi kuwa mkoa mwaka 2012, ukawa mkoa aliouwakilisha. Wimbo wenyewe ni wa kuchezeka, na lugha yake ni Kiswahili chepesi ambacho Msukuma wa Shinyanga, Mzinza wa Geita na mgeni aliyefuata dhahabu husikia sawasawa. Kwa sifa hii tu mtunzi astahili heshima. Tena wakati wake haukuwa wa bure. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Neno "maendeleo" lilikuwa likitajwa kila pahali, kwenye vibao vya barabarani na katika hotuba za viongozi, na ilikuwa haki mwanamke naye aulize nafasi yake katika neno hilo.

Nitaanza na jina, maana jina la wimbo wa hamasa ndilo msikilizaji hubaki nalo wakati beti zimekwisha kusahaulika. Jina hili lina maneno matatu, na lililo dogo kuliko yote ndilo lenye mambo. "Na" ya Kiswahili ina kazi zaidi ya moja. Ya kwanza ni kuunganisha: "chumvi na sukari". Vitu viwili vimewekwa pamoja, wala hatukuambiwa kimoja kina uhusiano gani na kingine. Ya pili ni kumtaja mtenda: "nyumba imejengwa na wanawake". Ya tatu ni kumiliki: "wanawake wana nyumba", ambayo asili yake ni kuwa pamoja na kitu, hata kikawa chako.

Basi jina la wimbo huu laweza kusikika kwa njia tatu. Yaweza kuwa wanawake huku, na maendeleo kule, yamekaa jirani. Yaweza kudokeza maendeleo yaliyoletwa na wanawake. Tena yaweza kudokeza wanawake walio na maendeleo, yaani wenye nayo. Mwanasarufi atasema kwamba maana ya kwanza ndiyo sahihi, nami sibishani naye. Lakini wimbo si sentensi ya kitabu cha sarufi. Jina lake hualika maana zote tatu, na msikilizaji huchukua ile inayomhusu. Swali la mhakiki ni hili: ni ipi kati ya hizo ambayo maisha ya pale unapopigwa wimbo yanaikubali?

Tuitazame ya pili kwanza, maana haina ubishi. Katika machimbo madogo ya ukanda wa Geita, kama Rwamgasa na Nyarugusu, wanawake wamekuwa wakiponda mawe, wakisomba maji, wakiosha mchanga kwenye mialo na kuwapikia wachimbaji. Huko Usukumani jembe la mwanamke limelima pamba na mahindi tangu zamani. Kwa hiyo maendeleo, yakiwapo, yamefanywa na wanawake pia. Kumhimiza mtu huyu afanye kazi ni kumhimiza samaki aogelee.

Ugumu uko katika "na" ya tatu. Katika machimbo mengi palikuwa na imani kwamba mwanamke akishuka ndani ya duara dhahabu hukimbia. Basi yeye hupata jiwe likiwa limekwisha kutoka, na bei ikiwa imekwisha kukatwa na wengine. Na katika mirathi hali imekuwa ngumu zaidi. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 zilieleza kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Msomaji atazame kitenzi hicho: *kutunzwa*. Mwanamke aliyekuwa mtenda maisha yake yote anageuzwa kuwa mtendwa siku anapokufa mumewe.

Hili si jambo la kubuni. Wajane wawili wa Shinyanga, waliotolewa katika nyumba zao na ndugu za waume zao, walipeleka shauri lao Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama iliona kwamba mila hizo zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Shauri lilifika hata mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 Kamati hiyo iliamua kwamba Tanzania ilikuwa imevunja haki zao. Wajane hawa hawakukosa bidii, wala hawakukosa hamasa. Walichokosa ni "na" ya tatu.

Kutoka hapa twaweza kukielewa kitenzi kipendwacho na nyimbo za namna hii zote, nacho ni *kuweza*. Kitenzi hiki hakikai peke yake, hudai mwenzake. Mtu akisema "naweza", twauliza, "waweza nini?" Katika nyimbo na mabango ya tarehe 8 Machi swali hilo mara nyingi huachwa bila jibu. Kikaja kizazi chake, *kuwezeshwa*, ambacho kina upungufu mwingine: chamficha mtenda. Ni nani amwezeshaye, na kabla ya hapo ni nani aliyemzuia? Hali ni hiyohiyo kwa "maendeleo", neno lililotoka katika *enda*, *endea*, *endelea*: ni mwendo, lakini neno lenyewe halisemi nani aenda wala afikie wapi. Wachina wana msemo kwamba wanawake hushikilia nusu ya mbingu. Msemo huo nao una chumvi nyingi, lakini kitenzi chake kina yambwa: mtu anashika kitu, nasi twajua kipimo chake. Sisi katika hamasa zetu tumeviacha vitenzi mikono mitupu.

Huenda mtu akanijibu kwamba natafuta hati ya mahakama ndani ya wimbo wa kucheza. Jibu lina uzito, lakini mapokeo yetu wenyewe yanalipinga. Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 sauti yake ilitiwa katika santuri huko Bombay, aliimba wimbo wa "Kijiti" juu ya mwanamke mgeni aliyeuawa Zanzibar, na juu ya wanawake waliokwenda kutoa ushahidi wakaadhibiwa wao. Mwuaji alitajwa kwa jina, na mahakama ikasutwa hadharani. Watu walicheza, na watu walielewa. Huko Usukumani nako, katika mashindano ya ngoma baina ya Bagika na Bagalu, mtunzi ambaye Wasukuma humwita *ningi* hawezi kuvuta watu kwa maneno ya jumla. Sharti ataje jambo na ataje mtu, vinginevyo umati huhamia upande wa pili. Basi Geita na Shinyanga hazikukosa kielelezo cha wimbo wenye meno. Hamasa ya leo imekiacha kielelezo hicho, ikafuata lugha ya mkutano.

Hasara ya kuacha kutaja yaonekana hata katika neno la kwanza la jina, "wanawake". Wingi huu hukusanya wote: msichana, mke, mjane na bikizee. Lakini hali zao hazilingani. Katika mikoa hiyohiyo vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, nayo macho yamewekundika kwa moshi wa kupikia, wa samadi kavu na mabua pale kuni zilipokwisha. Na mara nyingi nyuma ya tuhuma ya uchawi pamekuwa na shamba ambalo mtu analitaka. Kikongwe huyu naye ni mwanamke katika maendeleo. Mtunzi atakayemtaja, na kulitaja shamba lake, atakuwa ametunga wimbo wa aina nyingine.

Simlaumu Vicky Kamata kwa mzigo ambao kundi zima la nyimbo limeutua. Yeye alifungua mlango: alionyesha kwamba neno la kisiasa laweza kuchezwa arusini, na kwamba mwanamke mwimbaji aweza kutoka jukwaani akafika mahali zinapotungwa sheria. Zile kanuni za mwaka 1963 ndizo zenye kungoja wimbo wake wa pili. Kwa upande wetu wa uhakiki, nashauri tuzipime nyimbo za hamasa kwa mizani iliyo nyepesi kutumia: kila panapoimbwa "weza" tuulize "nini", na kila panapoimbwa "na" tuulize ni ipi kati ya tatu. Wimbo utakaojibu maswali hayo mawili hautapungukiwa na uchezekaji wake, na mwanamke aliyeketi penye mwalo, nyundo mkononi, atajua kwamba ni yeye anayeimbwa.