Lamu kwa Macho ya Mtu wa Kware

Nguo za safari hata sijazifua na tayari nataka kurudi. Nendeni Lamu! Changeni pesa, pandeni basi la usiku, mfike Mokowe viuno vikilia, kisha mshuke gatini mwingie boti. Muda si mrefu mji wenyewe unakujia: kuta nyeupe, paa za makuti, mashua zimejipanga ufukweni kama matatu za asubuhi kwetu. Tofauti ni kwamba hapa hakuna manamba wa kukuvuta shati.

Wala hakuna honi. Masikio yangu yalizisubiri mpaka yakakata tamaa. Kwenye vichochoro hivi punda ndiye pikapu, punda ndiye lori la mchanga, na ukimsikia nyuma yako unajibandika ukutani apite na mzigo wake. Barabara kuu ya ndani inaitwa Usita wa Mui. "Mui" ni mji. Kiamu hicho, Kiswahili cha huku, na bado hakijanimaliza! Mama mmoja aliniona nikishangaa mlangoni pake akaniambia, "Ndoo!" Mtu wa mtaa wetu wa Kware akisikia ndoo anafikiria foleni ya maji, basi nikaanza kuangaza macho nikitafuta ndoo iko wapi. Watoto wakacheka hadi wakakaa chini. Kumbe "ndoo" ni njoo. Mama alikuwa akinikaribisha.

Sasa tuje kwenye mawe, maana hapo ndipo nilipopagawa. Sisi jina la mtaa wetu limetokana na machimbo ya mawe, kwa hiyo ukuta siupiti bila kuugusa. Ukuta wa Lamu ni wa matumbawe. Mahali plasta ilipobanduka unaona mawe yenye vitundu vitundu, mengine yana michirizi kama ua, kiumbe cha baharini kilichogeuka nyumba. Kilichoyashika ni chokaa, na juu yake dari imebebwa na boriti za mikoko zilizopangwa moja moja.

Boriti hizo ndizo zilizonitoa macho. Mti wa mkoko una urefu wake, na ukiulazimisha kuvuka nafasi kubwa utapinda. Kwa hiyo chumba cha nyumba ya zamani ya Lamu, hata ya tajiri, upana wake haupiti mita 3. Nilikuwa ndani ya nyumba ya Waswahili iliyogeuzwa makumbusho nilipolisikia hilo, nikaupima upana kwa nyayo. Jamani! Ni kumi! Upana wa chumba changu cha kupanga Kware, futi kumi kwa kumi, ghorofa ya tano!

Lakini tazama walivyoutumia. Chumba ni chembamba ila kinakwenda kwa urefu, na kinafuatana na kingine na kingine, kutoka uani kwenye mwanga hadi vyumba vya ndani vyenye faragha. Kuta za ndani zina zidaka, vishubaka vya plasta vilivyochongwa safu kwa safu, ambamo wenyewe walipanga vyombo vyao vya kauri. Chooni kuna birika la maji, na ndani ya birika wanafugwa samaki wadogo. Kazi yao? Kula viluwiluwi vya mbu. Hakuna dawa, hakuna stima, samaki tu! Nilisimama pale nikiwatazama mpaka mgeni mwenzangu akabisha mlango.

Na vichochoro! Kwetu ghorofa zimebanana hivi kwamba unaweza kumpa jirani chumvi kwa dirishani, na saa sita mchana taa ya korido inawaka. Lamu nako kumebanana. Mahali pengine nyumba mbili zimeunganishwa kwa juu kwa chumba kinachoruka njia, wanakiita wikio. Ila ubanano huu una akili: kuta zinatupiana kivuli, juani unatoka jasho, ukikata kona unapoa. Kila mlango mkubwa una daka lenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni anapokelewa, habari zinasemwa, na mzee anapumzisha miguu. Nilikaa kwenye madaka matatu siku moja bila kuulizwa natafuta nani.

Ngome nayo msiikose. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821, ikaja kuwa jela hadi 1984, na leo unaingia na kutoka kwa hiari yako. Mkitoka, tafuteni kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, na kashata pembeni. UNESCO iliuingiza mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 2001. Mimi nimechelewa miaka mingi, lakini nami nimeupitisha.

Kasoro? Zipo. Kinyesi cha punda kitakufundisha kutembea ukitazama chini wakati uzuri wote uko juu. Joto la adhuhuri halina huruma. Na kupotea ni lazima, ingawa kupotea kwenyewe ni nusu ya raha: ukishuka utafika baharini, na ukifika baharini umeshajua ulipo.

Kilichonibana kooni ni jambo moja. Miaka yote nimelalamika kwamba kumi kwa kumi ni ndogo, kumbe watu waliishi kwa fahari ndani ya upana uleule. Walichokuwa nacho wao ni ua wa kuleta mwanga, kivuli kilichopangwa, na mahali pa kuketi mlangoni.

Nilirudi Kware alfajiri, nikapanda ngazi nikiwa na mchanga viatuni. Kabla ya kulala nilimtafuta keyateka nikamuuliza kama tunaweza kuweka benchi moja pale chini langoni, upande wenye hewa. Akanitazama. "Benchi la nini?"

"La kukaa," nikamwambia.

Amesema atamuuliza mwenye nyumba.